Mbwa Mwenye Kisukari: Kwa Nini Vidonge vya Baba Havimsaidii

"Hivi mbwa naye anaumwa sukari?" Swali hili linasikika kwenye maduka ya dawa za mifugo Mwanjelwa na Uyole jijini Mbeya, linasikika Kihesa kule Iringa, na mara nyingi anayeuliza anadhani anataniwa. Kila Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, redio hujaa maelezo ya ugonjwa huu kwa binadamu. Watu wanapimwa, wanaambiwa wapunguze soda na wali. Kisha siku moja daktari wa mifugo anampima mbwa wa ulinzi wa nyumba fulani, anatamka neno hilohilo, na mwenye mbwa anarudi nyumbani na maswali kwa mpigo. Amekula sukari gani huyu, wakati chakula chake ni ugali na dagaa? Watoto hawataambukizwa? Nikimpa nusu ya vidonge vya baba si itatosha?

Ni haki yake kuuliza. Shida ni kwamba majibu yanayozunguka mtaani ni ya kisukari cha watu wazima, yamehamishiwa kwa mbwa bila kubadilishwa hata kidogo, na mbwa anakufa huku wenye nyumba wakiamini wanamtibu. Inauma, kwa sababu ugonjwa huu ukiujua unashikika.

Sukari gani hasa?

Mbwa, kama sisi, anaendeshwa na glukosi. Ni sukari ambayo mwili huipata kutoka karibu kila chakula: ugali, viazi, ndizi, na hata nyama ini linaweza kuigeuza kuwa glukosi. Inasafiri ndani ya damu, lakini haiingii yenyewe kwenye misuli. Inahitaji homoni iitwayo insulini, inayotengenezwa na kongosho, kiungo laini kilichojificha kati ya tumbo na utumbo mwembamba.

Fikiria malori ya viazi yanayoingia sokoni Mwanjelwa kutoka Makete. Mzigo umefika, lakini bila makuli wa kuushusha hautafika kwenye vibanda. Insulini ndiyo makuli hao. Kongosho likiacha kuitengeneza, malori yanapanga foleni barabarani huku vibanda vikiwa vitupu. Mwenye kibanda akiona hana mzigo anapiga simu shambani aletewe lori jingine, na ini la mbwa hufanya vivyo hivyo: linamwaga glukosi zaidi kwenye damu kwa sababu mwili unalia njaa. Foleni inazidi, na mwisho magunia yanaanza kuangukia mtaroni. Mtaro huo ni mkojo.

Hapo ndipo dalili zote zinapoanzia. Kwa mbwa mzima, sukari ya damu huwa karibu na 4 hadi 6 na ushee, kwa kipimo kilekile cha milimoli kwa lita ambacho mashine za kupimia watu hapa kwetu huonyesha. Figo zake huweza kuirudisha mwilini sukari hiyo mpaka ikifika kama 10 au 12. Ikipita hapo zinashindwa, sukari inatoka na mkojo, na inavuta maji kutoka nayo. Mbwa anakojoa sana, kwa hiyo anakunywa sana. Misuli haipati chakula, kwa hiyo anakula sana, na bado anakonda, maana mwili umeanza kujila wenyewe mafuta na nyama. Maji, mkojo, njaa na kukonda: ukiziona nne hizi pamoja kwa mbwa wa makamo, mpeleke akapimwe, usisubiri ya tano.

Sasa tofauti kubwa ambayo mtaa hauijui. Watu wazima wengi wenye kisukari bado wanatengeneza insulini, ila miili yao haiitikii vizuri, na ndiyo maana vidonge na mlo huwasaidia. Paka anaelekea kufanana nao. Mbwa sivyo. Kwa mbwa, karibu kila mara zile chembe za kongosho zinazotengeneza insulini zimeharibika, na zikishaharibika hazirudi. Kisukari chake kinafanana zaidi na kile kinachowapata watoto, cha kuchomwa sindano tangu siku ya kwanza. Chukua vidonge wanavyopewa watu: glibenklamaidi kazi yake ni kulihimiza kongosho litoe insulini. Kongosho lisilo na insulini utalihimiza litoe nini? Metformini nayo haiwezi kuziba pengo la homoni isiyokuwepo, tena humharibu mbwa tumbo. Kuhusu mlonge, mwarobaini na mizizi mingine, niseme bila kumdharau mtu anayeiamini: hakuna mti unaompa mbwa huyu insulini, na kila wiki inayopita akinyweshwa maji machungu ni wiki ambayo mwili wake unajila.

Kwa kweli tuna deni kwa wanyama hawa. Mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho na kugundua kwamba amepata kisukari. Kabla ya hapo haikujulikana kwamba kiungo hicho ndicho chenye siri. Mwaka 1921 kule Toronto, Frederick Banting na Charles Best walipata dawa kutokana na kongosho za mbwa na kuwajaribia mbwa wenyewe. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa binadamu wa kwanza kuchomwa insulini. Na ile tarehe 14 Novemba inayoadhimishwa kila mwaka ni siku aliyozaliwa Banting. Kwa hiyo anayesema insulini kumchoma mbwa ni anasa, ajue ilikoanzia.

Kumsoma mbwa wako mwenyewe

Mbwa wetu wengi wanalala nje, wanakunywa kwenye sufuria kuukuu chini ya bomba, na anayejaza maji leo siye wa kesho. Hivyo kiu inapita bila kuonekana. Mara nyingi wa kwanza kugundua ni dada wa nyumbani au mlinzi: "Huyu mbwa siku hizi anamaliza maji." Msikilize. Na kwetu huku nyanda za juu kuna faida moja: Julai, Mbeya au Njombe ikiwa imeganda kwa baridi, mbwa hana sababu ya hali ya hewa ya kunywa ndoo. Akinywa hivyo wakati watu wamejifunga mablanketi, ana jambo.

Kupima ni rahisi. Chukua chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu. Mfungie mbwa mahali ambapo kuku na mbuzi hawatamwibia maji, kisha jaza bakuli lake kwa chupa hiyo tu tangu asubuhi hadi asubuhi inayofuata, ukiandika kila unapoongeza. Maji yaliyobaki yapime uyatoe. Mbwa wa kilo 20 hunywa karibu lita moja kwa siku, zaidi kidogo akikimbia au jua likiwaka. Akifika lita 2, yaani mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake, si kawaida. Lakini kamwe usimnyime maji ukidhani utapunguza mkojo. Kiu yake ndiyo inayomwokoa asikauke.

Mkojo nao unazungumza. Wazee wanajua kwamba sisimizi wakikusanyika pale mtu alipokojoa ni dalili ya sukari, na kwa mbwa ni vilevile, ingawa asubuhi za baridi sisimizi hawatoki na kutowaona hakumaanishi mbwa ni mzima. Kilicho cha uhakika ni vile vipande vya karatasi vya kupimia mkojo wa watu, vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa. Funga kifuniko cha ndoo kwenye fimbo, mtoe mbwa asubuhi akiwa kwenye kamba, na anapokojoa kisogeze chini taratibu. Ingiza karatasi, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, linganisha rangi. Mkojo wa mbwa mzima hauna sukari. Ukiwa nayo, na damu ikapimwa ikaonyesha sukari imepanda wakati mbwa hajala, hapo daktari anaweza kusema kwa uhakika. Vipimo vyote viwili vinatakiwa, kwa sababu hofu peke yake inaweza kuipandisha kidogo sukari ya damu, na figo mbovu peke yake inaweza kuivujisha kwenye mkojo.

Halafu macho. Mbwa wengi wenye kisukari hupata mtoto wa jicho ndani ya mwaka mmoja, wengine kwa wiki chache tu, hata kabla mwenye nyumba hajashtuka kuhusu maji. Mmulike kwa tochi ya simu ukiwa pembeni kidogo: utaona weupe ndani kabisa, nyuma ya tundu jeusi la jicho, huku uso wa jicho ukiwa safi unang'aa. Mbwa akirudi kutoka kwenye mapori yenye mbung'o, kama yale ya kuzunguka Ruaha, na jicho lake likawa na ukungu wa bluu usoni, fikiria malale ya mbwa kwanza. Ni ugonjwa mwingine kabisa na dawa yake ni nyingine.

Hili la kufanana linastahili kukaziwa. Kukonda mara nyingi kunaitwa minyoo, na mbwa anapewa dawa ya minyoo mwezi huu, mwezi ujao, na wa tatu. Ukishampa dawa sahihi kwa kipimo sahihi na bado anakonda huku anakula, acha kununua dawa ya minyoo. Kunywa sana nako kuna sababu nyingine: figo kuchoka, dawa anazotumia, na kwa jike ambaye hajatolewa kizazi, usaha ndani ya mfuko wa uzazi. Huo huja wiki chache baada ya joto, yaani kipindi cha jike kutaka dume; jike anakunywa sana, anazubaa, hataki kula, wakati mwingine anatokwa uchafu wenye harufu nyuma. Usiulize mtandaoni. Ni upasuaji, na ni wa leo.

Anayepata ni nani?

Si mbwa aliyeiba kipande cha keki. Sukari ya kuliwa haiharibu kongosho kwa namna watu wanavyodhani, na ugonjwa wenyewe hauambukizi, si kwa mate, si kwa mkojo, si kwa kuchangia bakuli. Kwa kawaida humpata mbwa wa miaka 7 hadi 10, na majike wasiotolewa kizazi ndio wengi zaidi. Baada ya kila joto, hata kama hakupandwa, mwili wa jike hukaa wiki nyingi na homoni ya mimba, na homoni hiyo huifanya insulini yake isifanye kazi vizuri. Kongosho linahangaika kuziba pengo mpaka linachoka. Ndiyo maana jike mwenye kisukari ni lazima atolewe kizazi, la sivyo dozi itakuwa inavurugika kila joto. Na hapa pana tumaini la kipekee: jike aliyeugua baada ya joto, akifanyiwa upasuaji mapema kabla kongosho halijaharibika kabisa, anaweza kupona asihitaji sindano tena. Kwa mbwa wengine, kupona moja kwa moja ni nadra sana. Kwa sababu hiyohiyo, anayetaka kumchoma jike sindano ya uzazi wa mpango ya kina mama ili asipate watoto aache. Dawa ile ni homoni ya jamii hiyohiyo, na humletea mbwa kisukari na usaha wa kizazi.

Dawa nyingine ni deksa na predinisoloni, zinazopendwa kwa mbwa anayejikuna. Zinatuliza muwasho kweli, nazo zina mahali pake, lakini zikitumika mara kwa mara bila mpango zinaipandisha sukari na kumsukuma mbwa aliyekuwa ukingoni.

Sababu nyingine kubwa iko kwenye sahani zetu. Mbeya, Mbozi na Tukuyu tunapenda kitimoto, na sikukuu ikiisha mafuta yote, ngozi na masalia ya kikaangio huishia kwa mbwa. Mafuta mengi kwa mpigo yanaweza kuwasha moto ndani ya kongosho: mbwa anatapika, anakunja mgongo kwa maumivu, hataki kuguswa tumbo. Baadhi hufa. Wanaopona, hasa ikiwarudia, wanaweza kubaki na kongosho lenye makovu lisilotoa insulini. Parachichi za Rungwe na Njombe zinazooza chini ya mti nazo zina mafuta mengi. Mbwa anayejipatia apendavyo msimu mzima anajitafutia balaa hilohilo.

Sindano mbili, saa zilezile

Tiba ni insulini, mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12, kwa mfano saa moja asubuhi na saa moja jioni. Mbwa anakula kwanza, ukiona amekula ndipo unachoma. Unavuta ngozi iliyolegea ubavuni au nyuma ya bega, unaingiza sindano chini ya ngozi, unasukuma, basi. Sindano hizi ni nyembamba sana na mbwa wengi hata hawageuki kuangalia. Badilisha mahali kila mara ili ngozi isikomae. Watu wengi wanaogopa hatua hii kuliko zote, na ndiyo wanayoizoea haraka kuliko zote.

Ninachokiogopa mimi ni bomba la sindano. Insulini ya binadamu inayouzwa madukani ina yuniti 100 kwa kila mililita. Ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, ambayo wengine huletewa kutoka nje, mara nyingi ina yuniti 40 kwa mililita. Kila moja ina bomba lake. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40, mstari wa yuniti 10 utakuwa umembebesha mbwa yuniti 25, na dozi hiyo inaua. Soma chupa, soma bomba, namba zilingane. Na bomba la kawaida la kuchomea ng'ombe lisikaribie kabisa insulini.

Daktari ndiye anayechagua aina na dozi. Ile ya kutenda kwa saa za kati, yenye rangi ya maziwa, hutumika kwa mbwa. Ile angavu ya kutenda haraka si mbadala wake wa nyumbani. Ya maziwa ya binadamu unaizungusha polepole kati ya viganja mpaka rangi ifanane yote, huitikisi; ile ya mbwa fuata maelezo ya chupa yake. Dozi huanza ndogo, kisha inapandishwa kwa hatua, mbwa akipimwa kila baada ya wiki moja au mbili. Itachukua wiki kadhaa kupata dozi yake, na mwenye nyumba anayeongeza yuniti kila akiona mbwa kanywa maji mengi anaharibu kazi. Pia usimpangie mbwa malengo ya mtu. Akishinda siku nzima kati ya 5 na 14 hivi, hanywi kupita kiasi na uzito umetulia, anaendelea vizuri. Mashine ya kupimia watu ukiitumia kwa mbwa huelekea kusoma chini kuliko ukweli, kwa hiyo mwambie daktari ulitumia ipi.

Nunua daftari la shule. Andika saa, chakula alichobakiza, yuniti, maji, na uzito mara moja kwa wiki. Daktari akiliona daftari hilo ataelewa zaidi ya kile ambacho kipimo kimoja cha damu kingemwambia.

Sukari ikishuka

Wengi wanaogopa sukari kupanda. Inayoua kwa haraka ni kushuka. Mbwa aliyechomwa bila kula, aliyepewa dozi mara mbili kwa sababu baba alichoma na mama akachoma, au aliyekimbizana na wezi usiku kucha, anaweza kushuka chini ya 3.5. Anakuwa kama mlevi: anayumba, anatetemeka, anaangalia bila kuona, kisha anaanguka na kutupa miguu. Akiweza kumeza, mpe chakula mara moja. Akiwa amezidiwa, chukua asali au sukari iliyolowekwa, paka kwenye fizi kwa kidole, taratibu. Usimmiminie kooni, itaingia kwenye mapafu. Akizinduka mlishe, kisha mpeleke kwa daktari, na sindano inayofuata isubiri maelekezo.

Hapa kuna hatari ya kwetu hasa. Mbwa anayeyumba na kutokwa povu, mtaa mzima utapiga kelele "kichaa!" na mawe yatafuata. Hatuwezi kuwalaumu, kichaa cha mbwa kipo na kinaua watu. Ndiyo sababu mbwa mwenye kisukari lazima awe na chanjo ya kichaa ya kila mwaka na cheti kionekane, na majirani waambiwe mapema kwamba ana ugonjwa gani. Mbwa asiye na chanjo akibadilika tabia ghafla, usiweke kidole mdomoni mwake kwa kudhani ni sukari. Mfungie, mwite mtaalamu.

Upande wa pili, sukari ikikaa juu muda mrefu bila dawa, mwili unachoma mafuta na damu inajaa sumu ya asidi. Mbwa aliyekuwa mlafi anaacha kula, anatapika, anahema kwa kasi, na mdomo unanuka kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Huyo hatibiki nyumbani hata kwa insulini. Anahitaji dripu, siku hiyohiyo.

Chakula, friji na mfuko

Ugali hajakatazwa. Kinachotakiwa ni chakula kilekile, kiasi kilekile, saa zilezile. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu pumba yake hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Changanya na maharage yaliyoiva sana, mboga za majani, na dagaa au nyama isiyo na mafuta. Kitunguu kisiwemo, ni sumu kwa mbwa. Mabaki ya kubahatisha yaishe: hawezi kula pilau la msiba leo, kesho akala makoko. Na pipi au bazoka "zisizo na sukari" ziwe mbali kabisa. Nyingi zina zailitoli, na kwa mbwa zailitoli ni sumu: kwa mwenye kongosho zima hulipua insulini na kuiangusha sukari kwa muda mfupi.

Insulini hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandishia. Huku kwetu joto si adui mkubwa kama Pwani. Adui ni kuganda. Makete na Njombe kunapoanguka sakitu Juni na Julai, chupa iliyoachwa dirishani au kwenye banda inaweza kuganda usiku, na iliyoganda itupwe hata kama imeyeyuka na inaonekana nzuri. Asiye na friji aulize daktari: chupa iliyofunguliwa ikiwekwa ndani ya nyumba mahali pa baridi na giza huvumilia wiki nne hivi.

Gharama tuiseme wazi. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Mbwa anayetumia yuniti 12 kwa siku angeimaliza kwa karibu miezi mitatu, lakini ikishafunguliwa haikai hivyo, kwa hiyo hesabu chupa moja kwa mwezi au zaidi kidogo, juu yake mabomba, vipimo na nauli. Si kila nyumba itaweza, na simhukumu mtu anayepima kati ya ada ya mtoto na dawa ya mbwa. Ninachoomba ni kwamba asiyeweza amwambie daktari ukweli. Daktari ana dawa ya kumlaza mbwa usingizi wa mwisho bila maumivu. Kumtelekeza kule Mlima Nyoka au kumwekea sumu kwenye nyama ni ukatili kwa mnyama aliyekulinda miaka yote.

Wanaoweza wana sababu ya kutia moyo. Miezi ya mwanzo ndiyo migumu; mbwa akishaivuka na dozi ikatulia, anaweza kuishi miaka kadhaa, akibweka getini kama kawaida. Hata mtoto wa jicho akimpofusha, pua na masikio yanamtosha kuujua ua wake, mradi msihamishe banda na bakuli kila wiki.

Kabla ya yote hayo, tafuta mtu wa pili wa kuchoma. Safari ya Tunduma, msiba wa kijijini, kulazwa kwako mwenyewe, yote yatatokea, na mbwa hawezi kukaa siku mbili bila sindano. Mfundishe jirani au kijana wa nyumbani kwa kutumia maji na chungwa kwanza, kisha achome mbele yako mpaka mkono usitetemeke. Bandika kwenye mlango wa friji karatasi yenye dozi, saa, namba ya daktari wa mifugo, na sentensi moja kwa herufi kubwa: ASIPOKULA, USIMCHOME, PIGA SIMU.